Mabaki ya Gauni la Kipaimara

Sisi mafundi cherehani tunasemwa sana, na mengi tunayosemwa ni ya kweli. Tunamwambia mteja aje Jumatano huku tukijua mkasi haujagusa kitambaa chake. Tunasema umeme ulikatika, hata sisi tunaotumia cherehani ya miguu. Na tunakula vitambaa. Mtu analeta mita nne, gauni linachukua tatu na kidogo, na kile kinachobaki hakirudi kwake mpaka akiulizie. Akiulizia anaambiwa hakikubaki kitu.

Mimi nimeshona Mjimwema, Njombe, kwa miaka thelathini na ushee, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ninayoishi peke yangu. Mume wangu alifariki mapema, na mtoto hatukujaliwa. Nyuma ya pazia linalotenganisha cherehani na kitanda, viroba vya mabaki vilizidi kuongezeka mwaka hadi mwaka, mpaka kitanda kikabaki na njia nyembamba ya kukifikia. Sikuviuza wala kuvitupa. Kila kipande nilikikunja na kukifunga kwa uzi wake, na hata leo nikikishika nakwambia kilikuwa cha nani na alikishonea nini. Sura za watu nasahau, ila vitambaa sisahau.

Mablanketi ya vipande yalianza kwa sababu ya baridi, wala si kwa wema wowote. Ulikuwa mwezi wa sita, ule wa Njombe ambao maji ya ndoo yanauma vidole asubuhi, na blanketi langu lilikuwa limechakaa katikati hata ukiliinua unaona dirisha. Wateja walikuwa wamepungua, watu siku hizi wananunua nguo zilizokwisha kushonwa. Basi nikafungua kiroba kimoja, nikaunga vipande mpaka vikatosha kitanda, nikalilaza lile blanketi chakavu katikati kama nyama ya sambusa, chini nikaweka bitana ya flaneli, nikapitisha uzi kwa mkono kutoka juu hadi chini ili vyote vishikane. Wiki ya pili akaja jirani kubadilisha zipu ya sketi. Akaliona blanketi limeanikwa, akasogea, akashika kipande kimoja chenye kuku wa njano.

"Hiki si kitenge cha marehemu mama?"

"Ndicho."

"Kumbe wewe ndiye uliyemla mama yangu kitenge chake!" Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, kisha akacheka tena. Alipoondoka aliondoka na blanketi. Nilimpa mwenyewe, maana sikujua namna nyingine ya kumnyamazisha. Usiku huo nikalala na koti.

Toka hapo habari zikaenea. Mtoto akizaliwa, kijana akienda chuo, bibi akihamia kwa wanawe, watu walikuja kuniuliza kama viroba vina kitu cha kwao, na mara nyingi vilikuwa nacho. Kitambaa cha harusi ya mama, sare ya kwaya ya baba, kipande cha kaptula ya shule ya kaka aliyepotelea Songea. Wote walinitania kwa maneno yaleyale, kumbe ndiye wewe, na wote walinisamehe palepale wakiwa wamelikumbatia blanketi. Nilizoea kusamehewa, na nadhani hilo ndilo lililoniharibu.

Kazi hiyo niliipenda kwa sababu moja ambayo sikumwambia mtu. Blanketi moja lilichukua wiki tatu, na kwa wiki tatu nilikuwa na familia mezani. Nilijua shangazi alivaa nini na lini, nilijua nani alinenepa baada ya kuolewa. Nilizungumza nao. Halafu wenyewe wanakuja, wanalifunga blanketi kwenye khanga, wanashukuru, wanaenda, na meza inabaki tupu na nyuzi chache. Siku hiyo ya meza tupu ndiyo nisiyoipenda. Nilikuwa mpweke, tena mpweke wa kutengeneza mwenyewe, kama nitakavyoeleza.

Kilikuwepo kipande kimoja ambacho hakikuwahi kutoka. Kilikaa chini kabisa ya kiroba cha kwanza, kimefungwa ndani ya gazeti. Cheupe, chenye vijiua vidogo vilivyoinuka, unavisikia kwa kidole kabla hujaviona kwa macho. Upana wake shubiri moja na nusu kila upande, pengine na zaidi kidogo. Kilikuwa cha Mwalimu.

Mwalimu alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa juu. Alifundisha hesabu shule ya msingi, na mumewe aliendesha malori ya Zambia, kwa hiyo naye alikuwa mtu wa kukaa mwenyewe jioni. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyeniita mama mdogo. Kila siku baada ya shule Mwalimu alisimama dirishani pangu na chaki vidoleni, akanisalimu kwa kilugha chetu, "Kamwene, Fundi," nami nikasema, "Kamwene, Mwalimu," na kazi ikasimama. Hatukuwahi kuitana kwa majina. Jioni alikuja kwangu au mimi nilikwenda kwake, na wakati wa kuagana tulisindikizana. Alinifikisha kwangu, nami nikaona vibaya arudi peke yake, nikamrudisha, naye akaona vibaya, mpaka watu wakawa wanatucheka. Nyumba zetu hazikuwa mbali hata hatua mia moja. Sijawahi kuwa na rafiki mwingine wa namna ile, na sasa nina umri wa kujua kwamba sitampata.

Binti alipofika miaka kumi na mitano akawa kwenye mafundisho ya kipaimara. Mumewe Mwalimu akaleta kitambaa kutoka Zambia, mita tatu za ule weupe wenye vijiua. Usharika mzima haukuwa na kitambaa kama kile. Nilikikata kwa kubana sana, nikageuza pande mpaka zikalalana vizuri, na mwisho pembeni kikabaki kile kipande. Nilikitaka. Sina maelezo bora kuliko hayo. Nilikuwa na gauni langu la buluu la Krismasi lisilokuwa na kola, na nilijiona nimekaa kanisani na kola nyeupe ya vijiua shingoni, mimi niliyewashonea watu wote na sikuwahi kujishonea kitu cha kutazamwa. Nikakiweka kwenye droo ya cherehani.

Siku Mwalimu alipokuja kuchukua gauni, wateja wawili walikuwepo wamekaa kwenye benchi. Aliligeuza gauni, akalisifu mshono kwa mshono. Kisha akasema, "Na mabaki, Fundi? Nataka kumshonea mfuko wa Biblia wa kufanana."

"Hakikubaki kitu."

Angekuwa mtu mwingine angesikitika, akaenda zake. Yeye akanitoa futi ya kupimia shingoni, akalitandaza gauni mezani, akapima mbele, nyuma, mikono, pindo, akaandika namba kwenye kiganja kwa kalamu. Alifanya hivyo bila hasira, akiwa ameshikwa na swali kama mwanafunzi.

"Fundi, hesabu haitoki."

"Kama haitoki kaifundishe shuleni," nikamwambia. "Hapa ni kwa fundi."

Wale wa kwenye benchi wakacheka. Laiti wasingecheka. Mwalimu akainua kichwa akanitazama, akasema polepole mbele yao, "Basi kitambaa changu umekila." Nami nikapiga kelele. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Mtu aliyeiba akipiga kelele huwa anapiga zaidi ya aliyesingiziwa, hilo sasa nalijua, lakini siku ile kila mtu aliona uchungu wa mwanamke mjane asiye na mtetezi.

Habari ilifika kwenye umoja wa wanawake wa usharika kabla ya jua kuzama. Tukaitwa kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, wiki moja kabla ya kipaimara. Mama aliyetuongoza akaniuliza mimi kwanza. Nikasema kitambaa chote kiliingia kwenye gauni. Sikuapa, ila nilisema kwa sauti isiyotetereka. Akamuuliza Mwalimu kama ana shahidi. Mwalimu akatazama mikono yake, akasema hana. Wakaamua kwamba amemchafua mwenzake bila ushahidi na inampasa kuomba radhi.

Kwetu pale wanawake wawili wakipatanishwa wanakula pamoja, na kabla ya kula yule aliyekosa anamnawisha mwenzake. Mwalimu akashika jagi. Nikanyoosha mikono juu ya beseni, yeye akamimina. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, walikuwa wameyapasha kwa sababu ya baridi. Alimimina taratibu mpaka povu la sabuni likaisha lote, akanipa taulo, akasema, "Nisamehe, Fundi."

"Yamekwisha," nikasema.

Kipande kilikuwa nyumbani ndani ya droo. Ugali ule sikuumaliza, na kola sikuishona; kipande nikakihamishia chini ya kiroba.

Watu walidhani tumerudiana. Yeye mwenyewe kesho yake alisimama dirishani kama kawaida. "Kamwene, Fundi." Nami nilikuwa nimemwona tangu juu kule, nikajaza pini mdomoni, nikaitikia kwa pua. Mtu mwenye pini mdomoni haongeleshwi. Nilifanya hivyo siku ya pili na ya tatu na wiki nzima. Kisha nikageuza cherehani ikaangalia ukuta, nikasema mwanga wa dirishani unaniumiza macho. Kila nilipomwona nilisikia yale maji mikononi. Siwezi kusema nilimchukia. Nilijichukia mwenyewe, na yeye ndiye aliyekuwa akipita na chuki hiyo dirishani kila siku saa kumi. Baadaye akaacha kusimama. Mwaka uliofuata mumewe akamaliza nyumba Kitandililo, upande wa Makambako, Mwalimu akapata uhamisho, wakahama. Fuso lililobeba vyombo vyao lilipita mbele ya nyumba yangu. Nilikuwa nimemwambia jirani kwamba nina homa.

Ikapita miaka kumi na mitatu. Kutoka Njombe mpaka Makambako ni mwendo wa saa moja na kidogo, watu wanakwenda na kurudi mara mbili kwa siku. Mimi nilikuwa naagiza nyuzi Iringa ili nisipate sababu ya kushuka Makambako.

Mwaka huu, mahindi yakiwa yanakaukia shambani, mwanamke mrefu akaingia kwangu na begi kubwa. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama mdogo."

Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniita hivyo. Nilimjua kabla sijamtazama usoni. Alikuwa binti wa Mwalimu, sasa anafanya kazi Dodoma, ana watoto wake. Baba yake alifariki mwaka juzi. Mama yake anastaafu, yuko peke yake kwenye nyumba ile ya Kitandililo, na miguu inamsumbua. Alikuwa amesikia habari za mablanketi yangu, akataka kumpa mama yake zawadi ya kustaafu. Akafungua begi: mashati ya baba, vitenge vya mama, sare yake ya sekondari, shuka la kitoto. Juu ya vyote, limekunjwa kwa uangalifu, gauni la kipaimara.

"Na hili nilikate, mwanangu?"

"Hilo ndilo uliweke katikati, mama mdogo."

"Nikimaliza nitalituma kwa basi?"

Alikuwa ameegemea cherehani, mkono juu ya droo. "Ukiweza, umpelekee mwenyewe," akasema. Nilikubali, maana mtu angekataaje.

Nilishona kwa wiki nne badala ya tatu. Kulifumua gauni lile kulinichukua siku mbili, kwa kuwa mshono ulikuwa wangu na zamani nilikuwa nashona ili nguo idumu. Katikati nilipanga miraba tisa myeupe, mitatu kwa mitatu. Gauni likatoa minane. Kwapani palikuwa pamegeuka njano, na nyuma ya sketi palikuwa na alama ya pasi ya mkaa. Ningeweza kupanga vinginevyo, fundi hakosi namna. Lakini nilijua wa tisa uko wapi, na nilijikuta nimepiga magoti kwenye kiroba cha kwanza.

Niseme ukweli wa mawazo yangu wakati huo. Nilifurahi. Niliona nimepata njia ya kukirudisha bila kusema neno. Kingeingia katikati ya wenzake, kingefika kwa mwenyewe, nami ningekuwa nimelipa na hakuna aliyejua. Nikakilaza mezani pamoja na ile minane, na furaha ikaniisha. Gauni lilikuwa limefuliwa na kuanikwa kwa miaka, weupe wake ulikuwa umepoa ukawa rangi ya maziwa. Kile changu hakikuwahi kuona maji wala jua. Kiling'aa pale katikati hata mtu aliyesimama mlangoni angeuliza.

Mafundi tuna dawa ya hilo. Unachemsha majani ya chai, unachovya kitambaa upesi, unakikausha kivulini, na kinazeeka miaka kumi kwa dakika tano. Nikachemsha. Nikasimama juu ya sufuria na kile kipande mkononi, mvuke unanipiga usoni, na nikayakumbuka yale maji ya beseni, yalivyokuwa ya uvuguvugu. Nilisimama mpaka mkaa ukaanza kufifia. Kisha nikakirudisha mezani kikavu, nikatia sukari kwenye ile chai, nikainywa yote. Kesho yake nikakishona jinsi kilivyo, katikati kabisa.

Hata hapo msinione shujaa. Nilitaka kitambaa kiseme ili mimi ninyamaze.

Jumamosi nikapanda Kosta ya asubuhi, blanketi limefungwa kwenye khanga miguuni pangu. Makambako upepo ulikuwa ule wa kwao wa siku zote, unaokuvua kilemba. Nikachukua pikipiki mpaka Kitandililo, nikashuka barabarani, nikaelekezwa njia inayopita kwenye mparachichi mkubwa mpaka uani. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti nje, anachambua maharage. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Alinitazama nikija tangu kwenye mti, hakusimama, na kwa hatua zote zile sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Kamwene, Fundi," akasema.

Sikuwa na pini safari hii. "Kamwene, Mwalimu."

Tukaingia ndani. Alileta chai na viazi vya kuchemsha, akaniuliza habari za Mjimwema, nani yupo, nani hayupo, nikajibu moja baada ya nyingine na kuona tunavyoongea vizuri, nikaogopa zaidi. Hatimaye nikafungua khanga, nikalitandaza blanketi juu ya makochi mawili yaliyotazamana. Akavaa miwani. Alianza pembeni, kipande kwa kipande, kwa kidole, kama anasahihisha madaftari. Kwenye shati la mumewe alisimama, akalisugua kidogo, akaendelea. Akafika katikati.

Kidole kilipita mraba wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kikafika ule wa kati kikakaa hapo. Nje kuku alikuwa anapiga kelele za kutaga.

"Hiki ni nini?"

Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima. Yote yalikuwa yamebaki kwenye Kosta. "Hicho ni kile," nikasema.

"Kile kipi? Sema vizuri."

Alikuwa mwalimu kwa miaka karibu arobaini, jibu nusu hakuwahi kulipokea. "Kile nilichokuibia," nikasema. "Kilibaki. Nilikitaka, nikakificha, nikasema mbele ya wale kina mama kwamba hakipo, ukaninawisha."

Akavua miwani. Nilisubiri anifukuze, na nadhani ningeshukuru. Akasema, "Nilijua, Fundi."

"Ulijua kwa hesabu."

"Hesabu ilinitia shaka tu. Binti alikiona kwenye droo yako siku uliyomjaribisha gauni, ulipomtuma achukue chaki. Aliniambia jioni ileile baada ya ugomvi wetu."

Ndipo nikauona ule mkono juu ya droo ya cherehani. Yule binti alikuwa amenibebea gauni lile kutoka mbali akijua kabisa anamletea nani. Nikauliza swali ambalo mwizi hana haki ya kuliuliza. "Sasa kwa nini hukusema? Walikuuliza kama una shahidi."

"Ulitaka nimsimamishe mtoto mbele ya ukumbi, wiki moja kabla ya kipaimara, amshitaki mama yake mdogo?" Akalirudisha shati la mumewe mahali pake kwa kiganja. Akashusha sauti. "Na mimi nilikuwa na hesabu yangu nyingine. Kitambaa ni kitambaa tu. Nilisema moyoni, nikimnawisha yataisha, jioni atakuja. Nilitoka pale nikapitia sokoni. Nilipika kuku, Fundi. Tulikaa na mtoto mpaka chakula kikapoa. Kesho yake nikaja dirishani nikuulize kama unaumwa, nikakukuta na pini mdomoni."

Miaka yote hiyo nilihesabu kosa langu kuwa ni shubiri moja na nusu ya kitambaa. Kuku yule hakuwamo kwenye hesabu yangu. Nililia, na sikulia kwa adabu. Yeye hakulia. Alinisubiri nimalize, kisha akaenda kwenye kabati akarudi na wembe, akaketi, akauvuta ule ukingo wa mraba wa kati magotini pake.

Nikasema, "Lete nifumue mimi."

"Wewe kaa."

Alifumua polepole, uzi mmoja mmoja, bila kuchana popote. Kipande kikatoka. Blanketi likabaki na shimo katikati, na ndani ya shimo likaonekana blanketi la kijivu nililokuwa nimelilaza humo. Nikamwambia nitaleta kipande kingine nizibe. Akasema hapana, niliache hivyo. Akakikung'uta kipande, akatoa vijiuzi vilivyobaki, akakikunja mara mbili, akanipa.

"Ulikuwa unakitakia nini?"

"Kola," nikasema, na niliona aibu kubwa kuliko niliyoiona kwa wizi wenyewe. "Ya lile gauni langu la buluu."

"Bado unalo?"

"Ninalo."

"Basi kaishone kola yako."

Alichukua fimbo akatoka nami. Tulitembea kwa mwendo wa miguu yake, mpaka kwenye mparachichi. Hapo akasimama. Barabara ilikuwa inaonekana kule mbele, kama hatua arobaini hivi.

"Mimi naishia hapa," akasema. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshageuka aliposema tena, "Ukija, uje umeivaa. Jumamosi huwa nipo. Huwa napika."

Kola nimeishona. Ilinichukua saa moja, kazi niliyoiogopa miaka kumi na minne. Imekaa vizuri, hata mimi nasema. Cherehani nimeigeuza, sasa inatazama dirisha tena, na mwanga hauniumizi macho. Kila Jumamosi naoga mapema, navaa gauni la buluu, nafunga vifungo mpaka juu, najitazama kwenye kioo cha wateja na ule weupe shingoni. Jumamosi ya kwanza nilikaa kitandani mpaka saa sita. Ya pili nilifika kwenye kona ya kanisa, wanawake wawili wakaisifu kola, wakauliza kitambaa nimekitoa wapi, nikarudi nyumbani.

Juzi nilifika stendi. Kosta ilikuwa inajaza, kondakta akanipisha mlangoni, akasema, "Mama, Makambako?" Nilifungua mdomo nimjibu, neno likagoma. Akauliza mara ya pili, kisha akafunga mlango. Nilisimama pale na kola yangu mpaka gari likakata kona, na ilikuwa bado asubuhi, saa ambayo Kitandililo mtu anayemsubiri mgeni ndiyo kwanza anamchinja kuku.